Barua ya wazi: Faili la mtoto mgonjwa wa akili liwe na ukurasa wa ndugu zake

Kwa Waziri wa Afya. Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalumu. Na Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Waheshimiwa Mawaziri,

Tunawaandikia tukiwa wauguzi wa afya ya akili, maafisa ustawi wa jamii na walimu wa unasihi wa Tanzania. Mtoto anapofikishwa kliniki kwa saikosisi (kusikia au kuamini yasiyokuwepo), baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), sonona kali (huzuni ya ugonjwa) au kifafa kilichobadili tabia yake, tunaandika jina lake, jina la mzazi, kijiji, namba ya simu, dawa na tarehe ya kurudi. Dada yake wa miaka 11, anayelala naye chumba kimoja na ndiye wa kwanza kujua kwamba usingizi umeanza kupotea, haandikwi popote. Haumwi, kwa hiyo hospitali haina kazi naye. Anakwenda shule, kwa hiyo mwalimu haoni tatizo. Hajapigwa wala kutelekezwa, kwa hiyo hafiki mezani kwa afisa ustawi wa jamii. Kila ofisi ina sababu ya kumwacha, na hakuna hata moja inayodhani imemwacha.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Huo ndio umri ambao nyumba nyingi zetu huwa na watoto wengine wawili, watatu au watano, wakubwa na wadogo. Hatuzungumzii familia chache.

Ombi letu ni moja. Kila faili la mtoto mwenye ugonjwa mzito wa akili liwe na ukurasa wa watoto wengine wa nyumba hiyo, na ukurasa huo uwe na jina la mtumishi mmoja anayewajibika nao. Mengine yote tunayoyaandika hapa ni namna ya kulitekeleza, na makosa ya kuepuka.

Ukurasa wenyewe unatosha kuwa na maswali matano. Nani wanaishi humo, umri wao, shule na darasa. Kila mmoja analala wapi, na analala na nani. Anafanya kazi gani kwa ajili ya mgonjwa: kumlinda, kumwogesha, kumpa dawa, kumfuata akitoroka, na kwa muda gani kila siku. Ameambiwa nini kuhusu ugonjwa huo, na nani aliyemwambia. Akiogopa usiku, anakimbilia nyumba gani. Kwa muuguzi aliyezoea, hiyo ni kazi ya dakika 10 hadi 15. Swali la pili na la tano ndiyo yanayookoa, na ndiyo yanayorukwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu yanaonekana kama kuchungulia chumba cha watu.

Maswali hayo yasiulizwe mbele ya mzazi wala mbele ya mgonjwa. Mtoto wa kwetu hamwaibishi mama yake hadharani. Atajibu "tunaishi vizuri tu" na fomu itajaa majibu yasiyo na maana. Njia inayofaa ni kumwomba mzazi ruhusa, kisha wakati daktari yuko na mzazi na mgonjwa, muuguzi akae na mtoto kwenye benchi lililo mbali na foleni. Aanze na shule, mpira, marafiki. Asiulize "unateseka?" bali "siku ngumu ikifika nyumbani, huwa inakuwaje?" Amweleze mapema yapi yatabaki kati yao, na yapi lazima mtu mzima ayajue kwa sababu ni ya hatari. Mtoto akigundua baadaye kwamba siri yake ilifika nyumbani kabla yake, hatasema tena.

Ugumu ni kwamba ndugu hawa mara nyingi hawaji kliniki. Siku ya kliniki huwa katikati ya wiki, nauli ni ya watu wawili, na wao ndio walioachwa kulinda nyumba. Kwa hiyo tunapendekeza waitwe mara moja ndani ya mwezi wa kwanza baada ya ugonjwa kutambuliwa, siku isiyo ya shule. Na ikishindikana, mhudumu wa afya ngazi ya jamii awafuate nyumbani. Mpango wa wahudumu hao uliozinduliwa Januari 2024 upo tayari. Waongezewe siku moja ya mafunzo kuhusu watoto wa nyumba zenye mgonjwa wa akili, na nafasi ya kuandika ziara hiyo katika taarifa zao za MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya. Lisiloandikwa kwenye MTUHA halifanyiki; hilo mnalijua kuliko sisi.

Kulazwa kunahitaji swali lake la pekee. Mtoto anapopewa rufaa kwenda Mirembe (hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma), Muhimbili au hospitali ya kanda, mama huondoka naye, na anaweza kukaa huko wiki kadhaa. Kabla gari halijaondoka, anayetoa rufaa aulize: usiku wa leo watoto waliobaki wanalala na mtu mzima gani? Jibu likiwa "wapo na dada yao mkubwa", na dada huyo ana miaka 15, basi hakuna mtu mzima, na afisa ustawi wa jamii wa kata apigiwe simu kabla ya saa za kazi kwisha.

Sasa kuhusu kuwaambia ukweli, maana hapa ndipo madhara makubwa hutokea bila mtu yeyote kukusudia. Ugonjwa wa akili wa mtoto huelezwa majumbani kwa sauti ya chini: amerogwa, ana mapepo, ni mizimu ya upande wa baba, amechungulia vitu. Ndugu anayesikia vipande hivyo nyuma ya pazia hujijazia mwenyewe yaliyobaki, na anachojijazia huwa kibaya kuliko ukweli. Anaanza kuamini kwamba ule ugomvi wa juzi, au lile neno baya alilomtamkia kaka yake, ndilo lililofungua mlango.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 sentensi chache zinatosha: "Kaka ana ugonjwa kwenye ubongo. Unamfanya aogope na kusikia vitu ambavyo sisi hatuvisikii. Wewe hukuusababisha. Hauambukizi. Daktari anamtibu, na sisi wakubwa tupo." Zirudiwe baada ya wiki, na baada ya mwezi, kwa maneno yale yale. Wa miaka 7 hadi 12 atajiwe jina la ugonjwa na jina la dawa, na aelezwe jambo linalomuuma kila siku bila kulisema: kwa nini kaka akivunja sahani hakaripiwi, na yeye akivunja anakaripiwa. Mzazi akilikwepa hili, mtoto anahitimisha kwamba anapendwa kidogo. Aambiwe wazi kwamba ugonjwa umebadilisha kanuni kwa mmoja, na ni haki yake kukasirika juu ya hilo.

Kuanzia miaka 13 kuna swali ambalo karibu wote wanalo na karibu hakuna anayeuliza: na mimi nitaugua? Lijibiwe kwa tarakimu, kwa kuwa tarakimu hapa zinatia moyo kuliko ukimya. Kati ya watu 100, takriban mmoja hupata skizofrenia, yaani saikosisi ya muda mrefu, katika maisha yake. Kwa mwenye kaka au dada wa damu anayeugua, ni kama 9 au 10 kati ya 100. Hatari ni kubwa zaidi, ni kweli. Lakini watu 90 kati ya 100 wenye ndugu mgonjwa hawaupati. Aambiwe pia anachoweza kufanya mwenyewe: asiguse bangi, kwa kuwa bangi, hasa inayoanza kuvutwa katika umri mdogo, huongeza hatari ya saikosisi, na akianza kukosa usingizi siku nyingi, kujitenga, kushuka masomo ghafla au kusikia sauti, aje mapema bila aibu. Tahadhari moja kwa watumishi wenzetu: msimgeuze kuwa mtuhumiwa. Kijana aliyechelewa kuamka Jumamosi hajaanza kuugua.

Dawa. Waheshimiwa, tunaomba itoke amri ya kitaalamu iliyo wazi: mtu aliye chini ya miaka 18 asipewe jukumu la kutoa dawa za akili nyumbani. Tunaona linavyoharibika. Mtoto anayeanza haloperidoli, dawa ya saikosisi, anaweza, katika siku za kwanza, kupindwa shingo, kukaza taya na kugeuza macho juu. Ni athari ya dawa inayotulizwa haraka kwa tiba kama benziheksoli, na mtoto anapaswa kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Familia ambayo haikuonywa huona pepo amepanda, huacha dawa na kukimbilia kwa mganga. Na yule dada wa miaka 11 aliyempa kidonge asubuhi anabaki akiamini amemlisha kaka yake sumu. Dakika mbili za maelezo kwenye dirisha la dawa zingezuia yote mawili.

Dawa zenyewe zikae kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo uwe kwa mtu mzima, na vidonge vihesabiwe kila Jumapili na kulinganishwa na idadi iliyoandikwa siku ya kliniki. Amitriptilini (dawa ya sonona) au fenobabitali (dawa ya kifafa) ya mwezi mzima katika mfuko mmoja inatosha kumuua mtoto mdogo aliyedhani ni peremende, na inatosha kwa kijana aliyekata tamaa. Kwa nyumba ambayo mgonjwa ameshajaribu kujidhuru, tunapendelea dawa za wiki mbili badala ya nne. Lakini kumwongezea mama asiye na nauli safari ya pili ya kwenda wilayani ni kumwachisha dawa kabisa. Kwa hiyo hizo wiki mbili za pili zipelekwe zahanati ya kijiji azichukulie huko. Sumu za kilimo, sumu ya panya na mafuta ya taa vifungiwe pamoja na panga. Hiyo ni kazi ya wazazi. Mtoto asiagizwe "umwangalie asishike kisu".

Kila nyumba iwe na karatasi moja ya siku ya hatari, iliyoandikwa na mzazi pamoja na muuguzi na kusomwa kwa sauti watoto wakiwepo. Dalili ambazo wao wenyewe wanazijua: ameanza kutembeatembea, anajibu watu wasiokuwepo, hajalala siku mbili. Wafanye nini: wasibishane na sauti anazozisikia, wasimzuie mlangoni, wasijaribu kumshika au kumfunga kamba, wachukue wadogo na kwenda nyumba iliyokwisha kukubaliwa. Wampigie nani: mtu mzima aliyetajwa, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina gharama. Jirani aliyetajwa lazima awe ameulizwa na amekubali. Tunalisisitiza hili kwa sababu karatasi nyingi huandikwa jina la jirani ambaye hajui lolote, na mtoto akifika saa 8 usiku anakuta mlango umefungwa.

Mzigo haugawanywi sawa. Msichana wa kwanza hupewa kulinda, kufua mashuka na kubaki nyumbani. Mvulana hupewa kushika kwa nguvu. Wavulana wa miaka 14 wanawafunga kaka zao kamba kwa amri ya wakubwa, na wanabeba jambo hilo miaka mingi baadaye bila kulisema kwa mtu. Kazi ya kumdhibiti mgonjwa aliyechachamaa ni ya watu wazima waliofundishwa. Iandikwe hivyo kwenye miongozo, kwa maneno hayo hayo.

Kuna pia suala la sheria. Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Matokeo yake kwa ndugu ni haya: mtoto aliyemwona dada yake akiandaa kamba anaambiwa na nyumba nzima anyamaze, polisi wasije. Anakuwa shahidi aliyefungwa mdomo. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu chao cha aina hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Nasi tunaomba kosa hilo liondolewe, ili mtoto aweze kuita msaada bila kuogopa kwamba anamfunga ndugu yake.

Waziri wa Elimu, kwako tunaomba waraka mfupi kwa wakuu wa shule. Mtoto anayechelewa kwa sababu alikesha na mgonjwa asichapwe wala kufukuzwa kwenda kumleta mzazi. Mwalimu wa unasihi amuulize kwanza faraghani. Kama ndugu wawili wanasoma shule moja, asiyeumwa asitolewe darasani kwenda kumtuliza mwenzake. Shule nyingi hufanya hivyo kwa nia njema, kwa kuwa kweli anamtuliza. Lakini kila mara anakosa kipindi na darasa zima linapata jina jipya la kumwita. Mwalimu asimuulize mbele za watu "kaka yako anaendeleaje?" na asimtume barua za mgonjwa. Majukumu yake ya nyumbani yajulikane kwa mwalimu mmoja tu aliyemchagua mwenyewe, na huyo aruhusiwe kumsogezea muda wa kazi za nyumbani.

Tunawaomba walimu wawaangalie hasa watoto wasiosumbua. Wapo ndugu wanaogeuka wakorofi au watoro, na hao huonekana. Lakini yuko pia yule anayeongoza darasa, hachelewi, haombi kalamu, haugui hata mafua, kwa sababu ameamua nyumba yao haiwezi kubeba tatizo la pili. Huyo husifiwa kila mwisho wa muhula na hakuna anayemuuliza analala saa ngapi.

Kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku: ruzuku inayofungamana na mahudhurio ya shule inaziumiza nyumba hizi mara mbili. Mtoto anakosa shule kwa kulinda mgonjwa, kisha kaya inakatwa fedha ambazo zingelipa nauli ya kliniki. Utoro wa namna hiyo, ukithibitishwa na ukurasa tunaouomba, usikate fedha. Uwe kengele ya kumwita afisa ustawi wa jamii aje kutafuta mtu mzima wa kumpokea mtoto zamu.

Vikundi vya ndugu hawa vinawezekana hata wilayani. Marekani, mjini Seattle, vilianzishwa mwaka 1982 kwa jina la Sibshops kwa ndugu wa watoto wenye mahitaji maalumu, zaidi wa miaka 8 hadi 13, na msingi wake ni mchezo kwanza, mazungumzo baadaye. Kwetu tunapendekeza watoto 6 hadi 10, wa miaka 8 hadi 12 peke yao, na wa 13 hadi 17 peke yao. Vikao sita vya saa moja na nusu, kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, na waongozaji wawili. Mahali pawe shule au ofisi ya kata, kamwe si wodi ya wagonjwa wa akili. Nusu ya muda iwe mpira, kuruka kamba, kupika au kuchora. Pawepo chai na kitu cha kutafuna, na nauli ya kila mtoto mkononi. Kinachoharibu vikundi hivi tunakijua: mgeni rasmi, hotuba, kumtaka mtoto atoe ushuhuda, na kupiga picha za kuweka kwenye ripoti. Picha moja mtandaoni inatosha kumfanya asirudi, maana mtaa mzima utajua. Na kikundi kisikatike ghafla fedha zikiisha. Watoto waambiwe tarehe ya mwisho tangu kikao cha kwanza.

Wengine watasema hili ni anasa ya nchi tajiri. Kweli, Norwe iliwapa watoto wa wagonjwa haki hii kisheria mwaka 2010, ikaipanua kwa ndugu mwaka 2018, na hospitali zake zina watumishi waliopewa jukumu la watoto hao. Uingereza, kwa sheria ya watoto na familia ya 2014, inazitaka halmashauri zichunguze mahitaji ya watoto wanaouguza. Lakini kiini cha sheria zote mbili hakihitaji utajiri: mtumishi ana wajibu wa kuuliza kama kuna watoto. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya 2008 imejengwa juu ya mgonjwa. Sheria ya Mtoto ya 2009, katika kifungu cha 4, inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na inamaanisha kila mtoto wa nyumba hiyo. Kanuni moja chini ya sheria hizo mbili ingeziunganisha.

Ukurasa, karatasi ya siku ya hatari, swali la rufaa na waraka wa shule vinahitaji karatasi na agizo tu. Vianze mwaka huu katika halmashauri mbili kwa kila kanda, moja ya mjini na moja ya vijijini. Mafunzo ya wahudumu, vikundi na masanduku ya dawa viingie katika bajeti ijayo. Mwisho wa mwaka wa kwanza msituulize tumefanya semina ngapi. Tuulizeni kurasa ngapi zimejazwa, wangapi kati ya watoto hao walizungumza na mtu mzima bila mzazi kuwepo, na siku zao za kukosa shule zimepungua kwa kiasi gani. Rasimu ya ukurasa huo tunayo, imetoshea upande mmoja wa karatasi, na tutaileta Dodoma siku mtakayoitaja.

Wenu katika utumishi,
Wauguzi wa afya ya akili, maafisa ustawi wa jamii na walimu wa unasihi